Shajara ya mradi: RTX 3060 na RX 6600, ipi iende kompyuta ipi

Jumatatu. Kilichopo mezani

Kadi zote mbili za michoro zimefika: GeForce RTX 3060 ya GB 12 na Radeon RX 6600 ya GB 8. Kompyuta za mezani nazo ni mbili. Moja naiita Kazi. Ni ya mhuishaji wetu, anayeshinda ndani ya Blender, programu ya picha za 3D, akirenda (yaani kuipa kompyuta kazi ya kukokotoa picha ya mwisho) na baadaye akihariri video. Nyingine ni Burudani, ya zamani kidogo, ubao mama wake ni wa PCIe 3.0 (PCIe ndiyo njia inayounganisha kadi na kompyuta), prosesa yake ina viini vinne, na kazi yake ni michezo tu kwenye skrini ya 1080p. Kwa hiyo sitafuti bingwa. Natafuta ipi iende wapi, na jibu litoke kwenye vipimo badala ya maandishi ya kwenye boksi.

Ni kadi za rika moja. RTX 3060 ilitoka Februari 2021, RX 6600 ikafuata Oktoba mwaka huohuo, na bei rasmi ya uzinduzi ilikuwa ileile. Zote zinatosheka na plagi moja ya pini 8. Chipu ya Nvidia inaitwa GA106, imechongwa na Samsung kwa teknolojia ya nanomita 8. Ya AMD ni Navi 23, ya TSMC, nanomita 7. Watengenezaji wawili, viwanda viwili, walengwa walewale.

Kabla sijaendelea, neno kwa anayetaka kununua: ipo RTX 3060 nyingine ya GB 8, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2022. Jina halikubadilika, lakini njia ya kumbukumbu ilikatwa kutoka biti 192 hadi 128, na data inayopita kwa sekunde ikashuka kutoka GB 360 hadi GB 240. Ninachoandika hapa kinahusu ile ya GB 12 peke yake. Kuiita ile nyingine kwa jina hilohilo ni uhuni wa kibiashara, na sioni haja ya kutafuta neno la adabu zaidi.

Jumanne. Viini 3,584 kwa 1,792

Mhuishaji kapita asubuhi, kasoma karatasi ya sifa, kacheka. "Kaka, hapa kuna mjadala gani? Hii ina viini mara mbili ya ile."

Ana haki ya kucheka. RTX 3060 ina viini 3,584, RX 6600 ina 1,792, na ya kwanza ni ya pili mara mbili kamili, haizidi wala haipungui. Ukipiga hesabu ya kawaida ya nguvu, yaani viini mara 2 mara mapigo kwa sekunde, RTX 3060 kwa mapigo yake rasmi ya GHz 1.777 inapata hesabu trilioni 12.7 kwa sekunde. RX 6600 kwa GHz 2.491 inapata trilioni 8.9. Pengo linazidi asilimia 40. Halafu unawasha mchezo wa 1080p, na pengo lote hilo hulioni.

Nimemwambia akae, tuhesabu kitu kingine. Viini havikai kimojakimoja ndani ya chipu, vimefungwa kwenye makundi, na kila kundi lina kipanga-ratiba chake, kache yake (kumbukumbu ndogo ya haraka) na vifaa vyake vya kusoma teksicha, yaani picha zinazovishwa nyuso za vitu. Kadi zote mbili zina makundi 28. Tofauti ni kwamba Nvidia wameweka viini 128 kwa kila kundi na AMD wameweka 64. Kwenye usanifu wa Turing wa 2018, Nvidia nao walikuwa na 64. Walipohamia Ampere mwaka 2020 waliongeza vinavyofanya hesabu za desimali, lakini vifaa vingine vya kundi havikuongezeka kwa kiwango hicho.

Ndiyo maana vifaa vya kusoma teksicha ni 112 kwa 112. Sasa zidisha kwa mapigo: RTX 3060 inafikia teksicha bilioni 199 kwa sekunde, RX 6600 bilioni 279. Vifaa vya kuandika piseli ni 48 kwa 64, na hapo Radeon inaongoza tena, bilioni 159 kwa bilioni 85. Hizi ni hesabu za karatasi, hakuna mchezo unaozifikia. Lakini zinaonyesha kadi yenye nusu ya viini inapata wapi pumzi ya kumkimbiza mwenzake. Mchezo unataka hesabu, teksicha na piseli kwa pamoja. Kurenda kwenye Blender kunataka hesabu zaidi kuliko kitu kingine chochote.

Mhuishaji kanyamaza kidogo, kisha: "Kwa hiyo kwangu mimi bado ni mara mbili?" Nimemjibu asubiri Jumamosi.

Jumatano. Kumbukumbu

Leo sijawasha chochote, kalamu na karatasi tu. Hapa ndipo kadi hizi zinapoachana, kuliko kwenye idadi ya viini.

Kwanza, kwa nini 12 na 8? Chipu moja ya kumbukumbu ya GDDR6 inachukua biti 32 za njia. Njia ya biti 192 inabeba chipu sita, ya biti 128 inabeba nne. Chipu zikiwa za GB 2 kila moja, unapata 12 na 8. Nvidia wangeweza kutumia za GB 1, lakini wangetoka na GB 6, na kadi ya GB 6 ingewatia aibu mapema. Kwa hiyo zile GB 12 zilitokana na upana wa njia kuliko ukarimu. Kichekesho ni kwamba RTX 3060 Ti, kubwa yake kwa kasi, ina GB 8.

Kasi ya kupitisha data: biti 192 kwa Gbps 15 ni GB 360 kwa sekunde, biti 128 kwa Gbps 14 ni GB 224. AMD wameliziba pengo hilo kwa kache ya MB 32 ndani ya chipu, wanayoiita Infinity Cache. RTX 3060 ina kache ya L2 ya MB 3. Maji ya mtungini hayana safari ya kisimani: data iliyomo kwenye kache haiendi kuhangaika kwenye njia nyembamba.

Lakini mtungi una ujazo wake. Picha moja ya 1080p, kwa baiti 4 kwa piseli, ni kama MB 7.9. Ya 1440p ni MB 14.1. Ya 4K ni MB 31.6, imeshakula karibu kache nzima kabla mchezo haujaweka kitu kingine chochote. Na mchezo wa kisasa haushiki picha moja, unashika kadhaa kwa wakati mmoja: ya rangi, ya kina, ya mwelekeo wa nyuso na kadhalika. Kwa hesabu hiyo natarajia RX 6600 iwe nzuri 1080p, ianze kuchoka 1440p, na 4K isiwe mahali pake. Nimeandika utabiri huu kabla ya vipimo makusudi, ili kesho nisijipendelee.

Kwa upande wa mhuishaji hesabu ni nyingine. Teksicha ya piseli 4,096 kwa 4,096, baiti 4 kila piseli, inakula MB 64. Vitu 10 kwenye tukio lake, kila kimoja na teksicha tatu, ni MB 1,920. Hapo kadi zote mbili zinapumua. Akipandisha teksicha hizohizo hadi 8,192 kwa 8,192, kila moja inakuwa MB 256, na zote 30 zinafika MB 7,680, sawa na GB 7.5. Hiyo ni kabla ya maumbo yenyewe, kabla ya mfumo endeshi kuchukua chake. Kadi ya GB 8 imekwisha. Nilimuuliza huwa anatumia ukubwa gani. "Inategemea na mteja." Basi tumeelewana.

Alhamisi. Michezo

Utaratibu: kadi zote zimepimwa ndani ya kompyuta moja, Kazi kwanza, halafu Burudani. Draiva ya zamani, yaani programu inayoiendesha kadi, inafutwa kabisa kabla ya kuweka mpya, kwa sababu kuchanganya draiva za Nvidia na za AMD ni kualika mizimu. Kadi inapashwa moto kwanza, maana kadi ya baridi hupandisha mapigo kuliko ilivyo kawaida yake na kukupa namba za kukudanganya. Pale mchezo wenye jaribio lake la ndani unapopatikana, mfano Cyberpunk 2077, natumia hilo, ili mkono wangu usiingie kwenye matokeo.

Sitaangalia wastani wa fremu, yaani picha mojamoja za mchezo, pekee. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7. Fremu chache zikichelewa hadi milisekunde 50, wastani hautikisiki, lakini jicho limeshaona mchezo umekwama. Kwa hiyo nasoma pia asilimia 1 ya fremu zilizo mbaya zaidi, na nachora muda wa kila fremu.

Ndani ya Kazi, 1080p, bila ufuatiliaji wa miale (kuchora mwanga kwa kufuata safari ya kila mwale): hazipishani kwa maana. Mchezo mmoja huyu anatangulia, mwingine yule, na tofauti ni ndogo kiasi kwamba bila namba kwenye kona ya skrini nisingejua kadi ipi imo ndani. 1440p, RTX 3060 inaanza kujitenga karibu kila mahali, kama kalamu ya jana ilivyosema.

Ukiwasha ufuatiliaji wa miale hakuna tena mashindano. RX 6600 ina vifaa 28 vya miale na RTX 3060 ina 28, lakini havifanyi kazi sawa. Kwa AMD ya kizazi hiki, kifaa kinapima tu kama mwale umegusa kisanduku au pembetatu. Kazi ya kuutembeza mwale ndani ya mti wa visanduku vinavyopanga vitu vya tukio wanaachiwa viini vya kawaida, ambavyo tayari vina kazi yao. Kwa Nvidia safari yote hiyo inamalizwa na kifaa chenyewe. Namba 28 kwa 28 kwenye karatasi haikwambii lolote kuhusu hili.

Burudani ndiyo iliyonifurahisha. RX 6600 imeunganishwa kwa njia 8 tu za PCIe badala ya 16. Kwenye PCIe 4.0 njia hizo 8 zinapitisha karibu GB 16 kwa sekunde, na hakuna anayelalamika. Kwenye PCIe 3.0 ya Burudani zinapitisha karibu GB 8. RTX 3060 kwenye sloti hiyohiyo, kwa njia zake 16, inapata karibu GB 16. Wengi husema kwa sababu hiyo RX 6600 haifai ubao wa zamani.

Nilichokiona: mradi mchezo haujajaza kumbukumbu ya kadi, tofauti ni ya kutafuta kwa darubini. Mara teksicha zinapopandishwa hadi GB 8 zikajaa, kadi inaanza kuvuta data kutoka RAM ya kompyuta kupitia njia ile nyembamba, na grafu ya muda wa fremu inaota miiba. Wastani bado unaonekana mzuri. Mchezo hauchezeki. Ukishusha teksicha ngazi moja miiba inaondoka, na picha kwenye 1080p ni ileile kwa jicho langu.

Na kuna la pili. Kwenye baadhi ya michezo inayotumia DirectX 12 (mfumo wa Windows wa kuzungumza na kadi), prosesa ile ya viini vinne ndiyo inayobana, na hapo RX 6600 ilikuwa mbele. Draiva ya Nvidia inaitwisha prosesa mzigo zaidi kwenye michezo ya aina hiyo. Kwa mwenye prosesa mpya jambo hili halina uzito. Kwa Burudani lina uzito sana.

Programu za kukuza picha ndogo iwe kubwa, kwa ufupi. DLSS ya Nvidia ni ya RTX pekee, na inatoa picha safi kuliko FSR 2 ya AMD hasa kwenye vitu vyembamba vinavyosogea, kama nyaya na matawi. FSR 2 inafanya kazi kwenye kadi zote mbili. Uzalishaji wa fremu wa DLSS 3, yaani kuchomeka fremu za kubuni kati ya zile halisi, Nvidia waliuzuia kwa mfululizo wa RTX 30, kwa hiyo mwenye RTX 3060 akitaka huduma hiyo anakwenda kuiomba kwa FSR 3 ya AMD. Mambo ya soko hayo.

Ijumaa. Umeme

Nimechelewa kwenye kipengele hiki kuliko nilivyopanga, na sababu inafaa kuandikwa.

Programu ya kusoma vihisi inasema RX 6600 ikiwa na mzigo kamili inakula kama wati 100, na RTX 3060 karibu wati 170. Ukichukua namba hizo zilivyo unaandika "tofauti wati 70" na kufunga daftari. Lakini sifa rasmi ya RX 6600 ni wati 132. Zile 32 zimekwenda wapi?

Hazijaenda popote. Kihisi cha kadi za AMD za kizazi hiki hakisomi bodi nzima. Vitu kama upotevu kwenye saketi za kubadili umeme na feni viko nje ya hesabu yake. Kihisi cha Nvidia kinasoma bodi nzima. Kwa hiyo unalinganisha mzigo bila gunia na mzigo pamoja na gunia, na programu inavionyesha kwenye safu moja, kwa herufi moja ya W, bila onyo.

Nikachukua mita ya kuchomeka kwenye soketi ya ukutani, nikapima kompyuta nzima kwa kadi moja kisha nyingine, mchezo uleule, fremu zikiwa zimefungwa zisizidi 60 ili prosesa isinivurugie. Halafu nikazifungulia. Zikiwa wazi, tofauti ilikaribia wati 40 za karatasi rasmi, 170 kutoa 132 ni 38, wala haikukaribia 70. RX 6600 bado ndiyo yenye matumizi madogo, na ndiyo yenye kasi zaidi kwa kila wati kwenye 1080p. Ila ushindi wake ni wa kawaida, si wa maajabu unaousoma kwenye vihisi.

Joto na kelele: zote mbili zina feni mbili, zote mbili zimetulia. Sina la kuongeza.

Jumamosi. Blender, na mhuishaji kaketi pembeni

Tumetumia matukio matatu ya Blender Benchmark, yaani Monster, Junkshop na Classroom, kisha faili lake mwenyewe.

RTX 3060 kwa OptiX, mfumo wa Nvidia wa kufuatilia miale, imemaliza mbele ya RX 6600 kwa zaidi ya mara mbili. Mhuishaji alipiga meza. Kwa mara ya kwanza wiki hii viini mara mbili vimemlipa, na zaidi ya hapo, kwa sababu OptiX inatumia pia vifaa vya miale. Cycles, injini ya kurenda ya Blender, ilipata OptiX tangu Blender 2.81 ya mwaka 2019. Upande wa AMD ulikuwa na mfumo wa OpenCL hadi ulipoondolewa kwenye Blender 3.0, Desemba 2021, ukaingia HIP wa AMD wenyewe, kwanza kwa Windows, kisha Linux kwenye 3.2 mwaka 2022. Matumizi ya vifaa vya miale vya AMD yalianza kama majaribio kwenye 3.6 mwaka 2023. Kasi tuliyoiona leo ni ya chipu kwa sehemu, na kwa sehemu ni ya miaka ambayo upande mmoja ulianza mapema.

Faili lake lilikuwa na teksicha za 8K. Kwenye RTX 3060 kipimo cha kumbukumbu kilipita GB 9 na kazi ikaendelea kama kawaida. Kwenye RX 6600 kasi iliporomoka, kompyuta yenyewe ikawa nzito hata kusogeza kishale, tukasitisha. Aliniangalia, hakusema kitu. Hata mimi sikuwa na la kumwongezea.

Kwa uhariri wa video: kadi zote zinasoma video za muundo wa AV1, hakuna inayoziandika. Miundo ya H.264 na HEVC zote zinaiandika. Kwa kazi za kujifunza kwa mashine, ambazo ameanza kuzichezea, CUDA, mfumo wa Nvidia wa kuendesha hesabu kwenye kadi, inafanya kazi siku ya kwanza. RX 6600 haimo kwenye orodha rasmi ya ROCm, mfumo wa AMD wa kazi kama hizo, na watu huilazimisha kwa kuidanganya programu kwamba chipu ni ya namba nyingine. Inawezekana, lakini sitaki simu za usiku.

Jumapili. Uamuzi

RTX 3060 inakwenda Kazi. Sababu kwa uzito wake: GB 12, OptiX, CUDA. Kasi ya michezo haikuhesabiwa.

RX 6600 inakwenda Burudani, pamoja na PCIe 3.0 yake. Inakula umeme kidogo, haiilemei prosesa ya zamani, na kwa 1080p inatosha kabisa, kwa sharti teksicha zisipandishwe hadi kujaza GB 8. Ningekuwa na RTX 3060 ya pili mkononi bila gharama ya ziada, ningeiweka huko? Kwa wapenda ufuatiliaji wa miale, ndiyo. Kwa wanaocheza pale, hapana.

Yaliyobaki: kuangalia kama BIOS mpya ya Burudani inaleta Resizable BAR, inayoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, maana RX 6600 hufaidika nayo. Kuweka kikomo cha fremu kulingana na skrini. Na kuhamisha mipangilio ya mhuishaji kwenye Blender ichague OptiX badala ya CUDA, kwa sababu nimeikuta bado iko kwenye CUDA tangu kadi yake ya zamani.